Kurudiwa na Mungu si kutupwa: adabu, adhabu, na tumaini linalovuka kaburi

Nanga ya Roho (mleta uzi)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Miaka kadhaa iliyopita niliugua, ugonjwa wa kulala miezi. Siku moja akaja mtu tuliyekuwa tukisali pamoja. Akaketi kando ya kitanda, akafungua Waebrania 12, akanisomea: "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Akafunga Biblia, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kuna nini umekificha?"

Swali lile lilinikaa kifuani kuliko ugonjwa wenyewe. Nilitubu niliyokuwa nimekwisha kuyatubu. Nikatubu ya utotoni. Nikatubu hata ndoto. Mwisho nikabaki kumwogopa Mungu jinsi mtumwa anavyoogopa kusikia nyayo za bwana wake mlangoni, na maombi yakanikauka mdomoni.

Nilipopata nguvu nikaisoma barua ile yote, tangu sura ya kwanza. Nilichokiona ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu: katika Biblia, Mungu anapowarudi watoto wake, kurudiwa kuna mwisho, na ng'ambo ya mwisho huo kuna tumaini. Anayekuhubiria fimbo bila kukuonyesha hiyo ng'ambo amekusomea nusu ya andiko, na nusu hiyo inaweza kumuua mtu.

Tuanze na maneno, maana sehemu kubwa ya mkanganyiko wetu imo humo.

Kiswahili kina "adabu" na "adhabu". Kwa sikio yanakaribiana sana, kwa maana yako mbali. Anayetoa adhabu anatazama kosa lililopita: umevunja, lipa. Anayetia adabu anamtazama mtoto na mtu atakayekuwa kesho. Sasa chukueni Biblia yetu ya Muungano. Waebrania 12:5 inasema "usiyadharau marudia ya Bwana". Aya ya 11 inasema "Kila adhabu wakati wake haionekani kuwa kitu cha furaha". Waefeso 6:4 inawaambia akina baba wawalee watoto "katika adabu na maonyo ya Bwana". Marudia, adhabu, adabu: msomaji anadhani ni mambo matatu. Katika Kigiriki ni neno moja tu, paideia, lenye mzizi wa neno "mtoto". Ni malezi. Ni kazi yote ya kumtoa mtoto utotoni mpaka awe mtu mzima: kumfundisha, kumkanya, kumzuia, na ndiyo, wakati mwingine kumchapa. Kitenzi chake ndicho kilichotumika Matendo 7:22, Musa alipofunzwa hekima yote ya Wamisri. Hapo hakuna kiboko, kuna shule.

Kwa hiyo mgonjwa anayesoma aya ya 11 na kukutana na neno "adhabu" moyo unaruka. Anajiona mshitakiwa, na kumbe mwandishi alikuwa akizungumza na mwana wa nyumbani.

Na neno "kurudi" lenyewe, hebu litazameni. Kumrudi mtoto ni kumkanya na kumnyoosha. Kurudi pia ni kuja tena ulikotoka. Najua lugha haithibitishi fundisho, ila mimi neno hili limenisaidia sana: Mungu anamrudi mtu ili mtu arudi. Hamrudi aende zake.

Sasa hali ya wale walioandikiwa. Wengi wetu tunaingia sura ya 12 tukidhani kuna watu walifanya dhambi fulani na Mungu anawachapa. Rudini sura ya 10, aya ya 32 hadi 34. Hawa ni watu waliotukanwa hadharani, waliosimama na wafungwa, walionyang'anywa mali zao kwa ajili ya imani, na wakakubali kwa furaha. Maumivu yao yaliletwa na watesi. Hakuna dhambi ya siri inayotajwa kuwa chanzo. Hata hivyo mwandishi anayaita mateso hayo hayo malezi ya Baba. Mkono uliowapiga ulikuwa wa adui, na Mungu aliutumia mkono huo kuwakomaza watoto wake. Hilo moja tu lingenitosha mimi kitandani.

Na picha yenyewe ni ya uwanja wa michezo. Aya ya 1 inaanza na mbio na wingu la mashahidi. Aya ya 11 inasema matunda ya haki huja kwa "waliozoezwa", na Kigiriki chake ni neno la mazoezi ya wanariadha. Aya ya 12 inataja mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza, maungo ya mkimbiaji aliyechoka. Karibu na mwisho sura inataja "ufalme usioweza kutetemeshwa". Kocha hamchoshi mkimbiaji kwa chuki. Anamchosha kwa sababu anaiona mistari ya mwisho wa mbio, na mkimbiaji bado haioni.

Nikome hapa kwanza nisikie wadau. Nitaendelea na uhamisho wa Babeli, maana huko ndiko nilikopata chakula kigumu zaidi.

Kinubi

Mtumishi, barikiwa. Ila nikuongezee kitu kuhusu yule aliyekuja kitandani. Maneno yake ni ya Elifazi, rafiki wa Ayubu. Ayubu 5:17: "Tazama, ana heri mtu yule ambaye Mungu humwadhibu; kwa hiyo usidharau kurudi kwake Mwenyezi." Linganisha na Mithali 3:11 uone, karibu ni kauli moja. Elifazi alisema fundisho sahihi, akamwambia mtu asiyehusika. Na mwisho wa kitabu, 42:7, Bwana anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Yaani inawezekana kabisa kunukuu ukweli na bado ukawa shahidi wa uongo juu ya maisha ya mwenzako.

Nanga ya Roho

Kinubi, hapo umegusa penyewe. Na angalia nani aliyewaombea wale marafiki wasamehewe. Ni Ayubu yule yule waliyemshitaki. Mimi nami nilimsamehe aliyekuja kwangu, na nasema hili kwa moyo wote: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na aya mkononi na haraka moyoni.

Yesu mwenyewe aliifunga njia hiyo mara mbili. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, akajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Na wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, aliuliza kama wao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, kisha akajibu "Sivyo" (Luka 13:4-5). Akawageuzia waulizaji: tubuni ninyi. Msiba wa jirani hukupewa uusome kama hati ya mashitaka yake. Umepewa ukutikise wewe.

Sasa Babeli.

Mwaka 597 KK Nebukadneza alimchukua mfalme Yekonia na watu wengi wa Yerusalemu akawapeleka uhamishoni. Mji wenyewe na hekalu viliangamizwa miaka kumi na kidogo baadaye. Katikati ya hayo mawili wakasimama manabii wawili, mmoja akisema hivi na mwingine vile.

Hanania alisimama hekaluni akatangaza: miaka miwili tu, vyombo vya hekalu vitarudi, mfalme atarudi, mateka wote watarudi. Akaichukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja mbele ya watu. Wazeni mtu aliyefiwa, aliyepoteza mtoto huko utumwani, anasikia "miaka miwili". Nani asingeitikia amina? Yeremia mwenyewe alisema "Amina", Bwana na afanye hivyo! Kisha akaenda zake. Baadaye neno likaja kwamba nira za mti zimevunjwa na mahali pake zitakuwa nira za chuma. Hanania akafa mwaka ule ule, mwezi wa saba (Yeremia 28).

Na ipo barua ya Yeremia kwa mateka, sura ya 29. Jengeni nyumba. Pandeni bustani. Oeni, zaeni. Utakieni amani mji niliowapeleka. Ni miaka 70. Na mara baada ya hiyo 70 ndipo unakuja mstari tunaoubandika kila mahali: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Naomba tusiung'oe mstari wa 11 kwenye mstari wa 10. Aliyekuwa na umri wa miaka thelathini alipoisikia barua ile alijua hatarudi akiwa hai. Tumaini aliloahidiwa lilikuwa kubwa kuliko umri wake. Alitakiwa kupanda miti, kuzaa watoto, kuuombea mji wa adui, na kufa akiamini. Hanania alihubiri tumaini lisilo na marudi, na likawa uongo. Elifazi alimpachika Ayubu marudi yasiyo yake, na likawa jiwe. Yeremia alibeba vyote viwili, ndiyo maana hakupendwa na mtu.

Ilipofika 538 KK, chini ya Koreshi wa Uajemi, mateka wakaruhusiwa kurudi. Danieli, aliyepelekwa kijana, alizeeka huko huko. Sura ya 9 inamwonyesha akisoma kitabu cha Yeremia, akihesabu ile 70, kisha anafunga na kujivika nguo za magunia na kuomba: "tumefanya dhambi". Mtu ambaye hakuna kosa lake hata moja lililoandikwa, anasema "tumefanya". Alibeba marudi ya taifa lake bila kunung'unika kwamba yeye hakuhusika.

Swali Gumu

Mleta uzi, unaongea vizuri na nakuheshimu. Lakini wewe umechagua mifano inayokubeba. Twende 2 Samweli 12. Daudi analala na mke wa mtu, anamuua mume. Nathani anakuja, Daudi anatubu, anaambiwa "Bwana naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa". Kisha mtoto mchanga anakufa siku ya saba. Mtoto alikosa nini? Hayo nayo ni malezi? Mimi nimezika. Usinijibu kwa haraka.

Nanga ya Roho

Ndugu yangu, pole sana. Nimekaa na swali lako tangu jana bila kuandika, maana ulisema usijibiwe kwa haraka.

Mtoto hakukosa kitu. Maandiko hayasemi kwamba alikosa, wala hayatoi hesabu ya kwa nini yeye. Atakayekupa hesabu hiyo anaongeza neno lisiloandikwa. Na sitakuambia kwamba mwanao alikuwa somo la mtu. Sura ile inasema habari za nyumba moja na mfalme mmoja, na nabii aliyetumwa kwake kwa jina. Kwako hakutumwa Nathani.

Hilo la Nathani nataka nilitie mkazo, lina faida kwa wote. Mungu alipomrudi Daudi kwa kosa maalumu, alimtumia mtu aliyemtazama usoni akasema, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hakumwacha akisie gizani. Korintho nako, watu walipokuwa dhaifu na wengine kufa kwa sababu ya kuidharau meza ya Bwana, Paulo aliwaandikia wazi sababu. Baba anayelea husema. Ukijichunguza mbele za Mungu kwa uaminifu, ukaomba kama Zaburi ya 139 "uone kama iko njia iletayo majuto ndani yangu", na hakuna kilichofunuliwa, basi acha kuchimba. Shitaka lisilo na jina, linalozunguka tu kichwani usiku kucha bila kukuonyesha mlango wa kutokea, mimi siamini linatoka kwa Baba.

Rudi kwa Daudi. Siku sita alilala chini, akafunga, akalia. Mtoto alipokufa akaoga, akabadili nguo, akaingia nyumbani kwa Bwana akasujudu. Watumishi wakashangaa. Akawaambia: "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi." Wapo wanaosema alimaanisha kaburi tu. Kwangu mtu asiyetarajia kitu asingesema "kwake". Angesema "kule". Alikuwa na mtu wa kumwendea.

Na ahadi ya nyumba yake haikufutwa. Sura ya 7 ilikuwa imesema mapema juu ya mzao wake: akitenda maovu nitamwadhibu kwa fimbo ya binadamu, lakini fadhili zangu hazitamwondoka. Fimbo ya binadamu, kipimo cha binadamu. Fadhili hazikuwekewa kipimo. Bathsheba, mwanamke yule yule aliyechukuliwa na Daudi, akamzaa Sulemani, na injili ya Mathayo inapomtaja katika ukoo wa Yesu inasema "mke wa Uria", bila kuficha aibu. Kristo alikuja kwa njia ya nyumba hiyo iliyorudiwa.

Mlinzi wa Zamu

Naona uzi unaelekea kumfanya Mungu mpole kupita kiasi. Waebrania 12 hiyo hiyo, aya ya 29: "Mungu wetu ni moto ulao." Leo watu wanazini, wanaiba sadaka, wakipatwa na matokeo ya dhambi zao wanasema "ni mazoezi". Msiwape pa kujifichia. Ufunuo 3:19, "Wote niwapendao mimi nawakemea, na kuwarudi, basi uwe na bidii, ukatubu." Ukatubu, mtumishi. Si ukajifariji.

Nanga ya Roho

Mlinzi, napokea, na nashukuru umeniwekea ukuta upande ule. Umesema kweli. Kuna mtu ambaye dawa yake kwenye uzi huu ni sentensi yako na si yangu. Anayejua anachokifanya, ambaye Nathani amekwisha kusimama mbele yake, asinisome mimi. Aende akatubu leo, arudishe alichokichukua.

Ila angalia hata Laodikia, kanisa lililoandikiwa maneno hayo ya Ufunuo 3. Waliokuwa vuguvugu, waliokaribia kutapikwa. Baada ya kukemewa wanaambiwa nini? "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Na aya ya 21, ashindaye ataketi pamoja naye katika kiti chake cha enzi. Kanisa lililokemewa vikali kuliko yote saba ndilo lililoahidiwa kiti. Huo ukali una mlango ndani yake.

Na 1 Wakorintho 11:32 inatofautisha mambo kwa wembe: "Ila tuhukumiwapo, twarudiwa na Bwana, isije ikatupasa adhabu pamoja na dunia." Twarudiwa ili tusiadhibiwe. Katika aya hiyo moja maneno mawili yanasimama yakitazamana, na moja lipo ili kutuepusha na lingine. Ukiyachanganya umeivunja aya.

Kinubi

Nami nina swali hapo. Mathayo 25:46 inasema "adhabu ya milele". Kama Mungu hurudi ili kurudisha, je, hiyo nayo ina mwisho?

Nanga ya Roho

Swali la siku nyingi, Kinubi. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa la kale, katika karne ya 3 aliuona moto wa Mungu kuwa wa kutakasa, na Augustino karne mbili baadaye aliupinga mtazamo wa namna hiyo kwa nguvu, na kanisa kubwa likamfuata. Mimi nasimama na Augustino. Neno la Mathayo ni kolasis, yaani adhabu, si paideia. Na sentensi ile ile inataja "uzima wa milele" kwa neno lile lile la milele. Siwezi kulifupisha upande mmoja nikaliacha refu upande wa pili. Ndiyo maana napenda mipaka ibaki: marudi ni ya watoto nyumbani, hukumu ya mwisho ni jambo jingine. Likihitaji uzi wake tufungue, hapa litatutoa njiani.

Nataka niseme jambo la msingi kuliko yote kabla uzi haujapoa.

Isaya 53:5: "Adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake." Neno la Kiebrania hapo ni musar, lile lile la Mithali 3:11, "usidharau kuadhibiwa na Bwana". Tafsiri ya kale ya Kigiriki inaweka hapo paideia. Yaani malezi yaliyotakiwa kutunyoosha sisi yalimwangukia Mwana asiyehitaji kunyoshwa. Na Luka anapoandika Pilato akisema atamchapa Yesu kisha amfungue, anatumia kitenzi cha neno hilo hilo. Pilato hakujua alichokisema. Waebrania 5:8 wanaimalizia: "na, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata."

Basi kama kurudiwa ni dalili ya kuchukiwa, Mwana mpendwa alichukiwa kuliko wote. Haiwezekani. Aliyetukana mbele ya msalaba alisoma kama Elifazi alivyosoma: anateswa, basi Mungu amemtupa. Siku ya tatu ikamjibu.

Na hapo ndipo Warumi 8:1 inaposimama: hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Hukumu imekwisha kulipwa. Kinachobaki kwa mtoto ni malezi. Tito 2:11-13 inasema neema iliyofunuliwa "yatufundisha" kukataa ubaya, tukilitazamia tumaini lenye baraka. Hilo "yatufundisha" ni kitenzi cha paideia tena. Mlezi ni neema, na anapolea macho yetu yanaelekezwa mbele, kwenye kuja kwa Bwana. Malezi na tumaini katika pumzi moja.

Bado Njiani

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Sijawahi kuchangia humu. Tatizo langu ni neno "Baba". Baba yangu alinipiga na kusema ananipenda. Alinisomea Mithali ya fimbo. Nikisikia "Bwana humrudi ampendaye", mwili wangu unajikunja kabla akili haijafika. Na sasa nina ugonjwa ambao nimeambiwa wazi hautapona. Kwa hiyo hata hiyo "baadaye" ya aya ya 11 mimi siioni. Baadaye lini?

Nanga ya Roho

Dada au kaka, sijui, ila karibu, na asante kwa kuandika.

Kuhusu baba yako. Aya ya 10 ya sura ile inasema kwamba baba zetu wa duniani waliturudi "kwa siku chache… kama walivyoona vema wenyewe". Mwandishi anajua kwamba walivyoona vema wao haikuwa vema kila mara. Anaweka neno "bali" katikati: "bali yeye kwa faida yetu, ili tuushiriki utakatifu wake." Mungu hapimwi kwa baba yako. Baba yako ndiye atakayepimwa kwa Mungu. Wakolosai 3:21 iliandikwa kwa ajili ya watoto kama wewe: "Ninyi akina baba, msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa." Aliyefanya hivyo alivunja neno la Mungu akiwa ameshika Biblia. Na mwili wako ukijikunja, Mungu hakasirikii mwili wako.

Kitabu kilichonisaidia mimi kusali tena ni Maombolezo. Sura ya tatu ni utungo wa herufi 22 za Kiebrania, kila herufi mistari mitatu, aya 66. Unaanza: "Mimi ni mtu aliyeona mateso kwa fimbo ya ghadhabu yake." Mji umeungua, na mtu huyu anamwambia Mungu usoni kwamba amemfanyia kama dubu aoteaye. Hakemewi kwa kusema hivyo. Katikati kabisa ya utungo, katikati ya kitabu chote, anasema: "Maana moyo wake hapendi kuwatesa wanadamu, wala kuwahuzunisha." Kiebrania chake kinasema hatesi kutoka moyoni. Hata mkono wake unapokuwa mzito, moyo wake hauko kwenye maumivu yako. Baba yako, kwa ulivyosema, sidhani aliwahi kusikia mstari huo.

Na "baadaye lini". Sitakudanganya kama Hanania. Sijui kama utapona. Wengi wa Waebrania 11 "wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali". Baadaye yao haikuangukia upande huu. Wale mateka wa Babeli walifika mahali wakasema: "Mifupa yetu imekauka, matumaini yetu yametupotea" (Ezekieli 37:11). Na jibu la Mungu lilipita njia ya kurudi kwao nyumbani, likaenda mbali zaidi: nitafunua makaburi yenu. Walilia habari ya nchi, wakajibiwa kwa lugha ya ufufuo. Ikiwa hakuna ufufuo, mimi nafuta uzi huu wote, maana Paulo naye alisema tukimtumaini Kristo katika maisha haya tu, sisi ni wa kusikitisha kuliko watu wote. Lakini kaburi la bustanini lilikutwa wazi. Kwa hiyo "baadaye" yako ipo hata kama madaktari wamemaliza yao.

Swali Gumu

Bado Njiani, mimi ndiye niliyezika. Ukihitaji mtu wa kukaa naye bila kukuhubiria, nitumie ujumbe.

Bado Njiani

Nimekutumia. Na mleta uzi, kama una andiko moja la kubaki nalo usiku huu, moja tu, niandikie.

Nanga ya Roho

Hosea 2:15. Akori ni bonde alikouawa Akani kwa mawe, Yoshua 7, na jina lake maana yake ni taabu. Lilikuwa bonde la kupita haraka. Mungu anamwambia Israeli aliyemwacha, aliyerudiwa, aliyepelekwa jangwani, kwamba atasema naye maneno ya kuutuliza moyo, kisha anaongeza: "na bonde la Akori liwe mlango wa tumaini." Hakusema atamtoa bondeni kwanza. Mlango uko bondeni.

Nitakuombea saa nne usiku. Swali Gumu, tuungane.